Sketi ya Kumi na Mbili

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, fundi alikata kipande cha uzi mweupe kisichozidi urefu wa kidole, akakishika kwa ncha za vidole viwili na kukining'iniza mbele ya pua ya mwanawe. Kisha alibana pumzi zake mwenyewe, maana aliogopa asije akauchezesha uzi kwa bahati mbaya akajidanganya. Uzi uliposogea, ukarudi, ukasogea tena, alihesabu mpaka kumi. Hapo ndipo na yeye alipojiruhusu kuvuta hewa. Kile kipande alikibandika kifuani pa gauni lake, pamoja na vya jana na juzi. Mwanamke anayeishi kwa cherehani hana nguo isiyo na nyuzi, na hakuna anayemuuliza.

Tabia hiyo aliianzia wodini. Mtoto alizaliwa miezi miwili kabla ya wakati wake, mwepesi kuliko mfuko wa unga wa kilo mbili, ngozi yake nyembamba kiasi kwamba mishipa ilionekana kama alama za kalamu. Mara mbili, mbele ya macho ya mama yake, kifua kile kidogo kilitulia. Mara zote mbili nesi alikuja bila kukimbia, akamgusa unyayo kwa kidole, na kifua kikaanza tena.

"Amepatwa na nini?" fundi aliuliza mara ya kwanza.

"Amesahau," nesi alijibu. "Watoto njiti ndivyo walivyo. Ubongo haujaizoea kazi. Anapumua, anapumua, halafu anasahau. Ukimgusa anakumbuka. Akikua ataacha."

Neno hilo lilimtia fundi hofu kuliko jina lolote la ugonjwa. Ugonjwa una dawa. Kusahau kuna dawa gani? Usiku ule alichomoa uzi kwenye pindo la gauni la hospitali, akauweka mbele ya pua ya mtoto, na tangu hapo hakuacha.

Walipowaruhusu kwenda nyumbani, waliwaruhusu pamoja na mashine. Ilikuwa sanduku la kijivu, ukubwa wa nusu mkate, lenye taa mbili za kijani. Taa ya kwanza ilikuwa ya moyo. Ilipata habari zake kwenye mkanda laini uliofungwa kifuani pa mtoto na waya mbili zilizotoka humo. Taa ya pili ilikuwa ya pumzi. Yenyewe ilitegemea kibao chembamba kilichowekwa chini ya godoro, kilichosikia kila kifua cha mtoto kilipopanda na kushuka. Moyo ukipunguza mwendo kupita kiasi, king'ora kinalia. Kibao kisiposikia chochote kwa sekunde ishirini, king'ora kinalia. Na kila kilichotokea mashine ilikiweka ndani yake kama kumbukumbu, na nesi alikuja kila Jumatano na waya wake kuisoma.

King'ora chenyewe hakikuwa cha mchezo. Kilipita ukutani kikawafikia majirani, na jirani wa mlango wa pili, mwanamke aliyepewa jina la Mama Redio kwa sababu habari ikimfikia yeye imefika kwa wote, ndiye aliyembatiza mtoto.

"Akipita yeye lazima king'ora kilie na watu wakae pembeni," alisema. "Huyu si mtoto, ni Mheshimiwa."

Jina likamganda. Hata baba yake, seremala, mtu wa maneno ya kuhesabu, alirudi jioni akiuliza, "Mheshimiwa ameshindaje?" kwa sauti ya mzaha ambayo haikumficha mtu woga uliokuwa nyuma yake.

Waliishi vyumba viwili. Cha nyuma kilikuwa cha kulala. Cha mbele, chenye dirisha la kutazama barabara, kilikuwa cha kazi: cherehani ya kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia, kioo kirefu kilichopasuka kona moja, na msumari kila mahali palipoweza kutundikwa nguo ya mtu. Mchana fundi alikuwa huku mbele, kwa hiyo mchana mtoto naye alikuwa huku mbele; usiku alirudishwa nyuma pamoja na mashine yake. Seremala alimtengenezea kitanda cha mbao kwa mikono yake, akakipiga msasa mpaka shavu likaweza kulala juu yake. Halafu, kwa kuogopa kwamba mteja angepita akakisukuma kikaanguka, alikiunga na meza ya cherehani kwa ubao mmoja na skrubu nne. Fundi akigeuza kichwa tu, mtoto huyu hapa. Wote walikubali kwamba hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

Kijitabu cha maelezo ya mashine kilisomwa na wifi, mdogo wake seremala. Alikuwa akisoma chuo kikuu na alikuja kila mwisho wa wiki, akajikunja pembeni ya meza ya kukatia na kitabu chake. Alikuwa msichana wa kuongea kama anayeomba samahani. Kijitabu hicho alikisoma chote, ukurasa kwa ukurasa, akiwafafanulia. Kulikuwa na sehemu iliyosema mashine isiwekwe karibu na vitu vinavyotetemeka, kama vile feni, friji au pampu ya maji.

"Friji hatuna," alisema seremala.

"Pampu hatuna," alisema mama yake, bibi wa mtoto, aliyekuwa amehamia kwao kusaidia kulea. "Feni tutaizima. Nitampepea mimi."

Wakaizima feni. Katika joto la mwezi ule bibi alishinda amekaa karibu na kitanda akipepea kwa kipande cha boksi, jasho likimtiririka shingoni, naye akijisifu kwamba hakuna feni ya dukani inayojua kupepea na kuimba kwa wakati mmoja. Hakuna aliyeitazama cherehani. Ilikuwepo chumbani kabla ya ndoa. Haikuwa kitu. Ilikuwa mikono na miguu ya fundi.

Isitoshe, wote waliona kwamba mtoto anapenda kushonewa. Wiki ya kwanza king'ora kililia mara tano: mara tatu usiku, mara moja alfajiri, mara moja wakati wa chakula cha mchana. Fundi alipokuwa kwenye cherehani hakikulia hata mara moja.

"Inambembeleza," bibi alisema. "Alizoea mlio huo tangu tumboni. Shona, mwanangu. Ukishona, mjukuu wangu hasahau."

Fundi akaamini. Zaidi ya kuamini, alishikilia hapo. Hofu ilipompanda kifuani bila sababu, kama ilivyompanda mara nyingi kwa siku, hakwenda kuangalia. Alikaa kwenye kiti, akaweka miguu kwenye pedeli, akashona. Taa ya pumzi iliwaka na kuzimika, kijani, kijani, kijani, naye akahisi anamsukuma mtoto mbele kwa miguu yake mwenyewe. Wakati mwingine alishona vitambaa visivyo vya mtu.

Wiki ya tatu, chini ya mkanda wa kifuani, ngozi ya mtoto ilianza kuwa nyekundu na kutoa vipele. Nesi aliikagua Jumatano, akatikisa kichwa.

"Mvue saa moja kila siku ngozi ipumzike. Iwe mchana, na mtu awe macho karibu naye. Kibao cha chini kitaendelea kusikiliza pumzi."

"Saa moja nzima bila taa ya moyo?"

"Mama mtoto, utakuwa naye hapo hapo. Unaogopa nini?"

Angeanzia wapi?

Jumatatu iliyofuata alikuwa na sketi kumi na mbili za shule za kumalizia. Mwalimu aliyeziagiza alikuwa amepita asubuhi, akasimama mlangoni na mwavuli wake.

"Fundi, kesho si kesho yako ile ya kila siku. Kesho yangu mimi ni kesho."

"Kesho utazikuta zimepigwa pasi, mwalimu."

Baada ya chakula alimvua mtoto mkanda, akampaka mafuta, akamlaza chali. Bibi alitoka uani kuanua nepi. Sketi ya kumi na mbili ilikuwa imebaki mshono mmoja mrefu wa ubavuni. Fundi aliitazama taa ya pumzi, kijani, akamtazama mtoto, kichwa kimegeukia ukutani, akaanza kukanyaga.

Uzi wa wiki ile ulikuwa mbovu. Ulikuwa umeshakatika mara nne tangu asubuhi. Alipofika karibu na kiuno cha sketi, ukakatika mara ya tano. Alisonya, akaondoa miguu kwenye pedeli, akauvuta upya, akaupitisha kwenye ndoano ya kwanza, ya pili, akailowesha ncha kwa ulimi, akafumba jicho moja ili aone tundu la sindano.

King'ora kikalia.

La kwanza alilofikiri, na hilo hakulisahau maisha yake yote, ni kwamba kibao kimehama. Kiliwahi kuhama kabla. Alinyanyuka akiwa bado ameshika uzi, bila haraka, na kinywani neno la kumtania Mheshimiwa lilikuwa limeshafika. Akakigeuza kichwa cha mtoto.

Uso ulikuwa rangi ya jivu. Midomo ilikuwa ya bluu, karibu na nyeusi. Mkono aliouinua ulianguka kama mkono wa nguo isiyo na mtu.

Alimgonga unyayo kwa kidole. Hakuna. Akamgonga tena, kwa nguvu. Akamgeuza, akamsugua mgongo kutoka chini kwenda juu kama alivyofundishwa. Hakuna. King'ora kilikuwa kinapiga kelele na yeye hakukisikia. Alisikia kitu kimoja tu, sauti ya nesi wodini, pole kama ya mtu anayeelekeza njia: funika pua na mdomo wake kwa mdomo wako, pumzi ndogo, ya mashavuni tu, usitoe ya kifuani utamuumiza. Akafanya hivyo. Kifua kikainuka kama mfuko na kushuka. Akafanya tena. Mara ya tatu mtoto akakunja uso, kama mzee aliyeamshwa usingizini, akavuta hewa kwa mlio mwembamba, akalia.

Bibi alimkuta mkwewe amekaa sakafuni, mtoto kifuani, naye anamwambia mtoto, "Nimekuona. Nimekuona. Nimekuona."

Hospitali walikaa siku mbili. Walimchunguza, wakampima damu, wakasema hawaoni jipya. Alisahau, kama wenzake wanavyosahau, ila safari hii alisahau kwa uzito zaidi. Nesi alichomeka waya wake kwenye mashine, akasoma mstari wake kwenye kioo cha kompyuta.

"Mashine ilifanya kazi. Hapa anapumua, hapa anaacha, sekunde ishirini, king'ora. Mama mtoto, ulimkuta na rangi gani?"

"Jivu. Midomo ya bluu, karibu na nyeusi. Alikuwa amelegea kabisa."

Nesi aliutazama tena mstari. "Kwa sekunde ishirini?"

"Ndivyo alivyokuwa."

"Hofu nayo huongeza rangi," nesi alisema mwishowe, akachomoa waya. Lakini alisema kama mtu anayejiambia mwenyewe.

Waliporudi nyumbani habari ilikuwa imewatangulia. Mama Redio alikuwa amesikia king'ora kupitia ukutani, na kabla yake alikuwa amesikia cherehani ikinyamaza. Kutoka hapo hakuhitaji msaada wa mtu.

"Mashine haijalia bado!" aliwaambia watu waliokuja kuona mtoto. "Mimi niko kwangu nasikia cherehani tiriririri, mara kimya. Nikasema, huyu leo vipi? Sijamaliza kusema, ndiyo king'ora. Kwa hiyo mama alishajua. Moyo ulimwambia. Aliacha kazi katikati ya mshono akamfuata mtoto wake. Hizo ni mashine gani za kushinda moyo wa mama?"

Watu walimtazama fundi kwa heshima ambayo hakuwahi kuipata kwa nguo yoyote aliyoshona. Bibi alilia kidogo. Seremala, usiku, alimshika mkono gizani.

"Nilikuwa naogopa kwenda kazini," alisema. "Nashika randa, nawaza nyumbani. Sasa siogopi. Una sikio la ajabu, mke wangu."

Alifungua mdomo aseme. Ungekuwa mwezi mwingine angesema. Lakini mume wake alikuwa ameshapata usingizi, usingizi mzito wa kwanza tangu mtoto azaliwe, na yeye hakuweza kumwamsha amrudishie woga wake. Alibaki macho. Alihesabu taa, kijani, kijani, mpaka dirisha likawa jeupe, kisha akaenda kukata uzi.

Jumamosi ndiyo siku waliyofundishwa kuijaribu mashine. Mtoto anatolewa kitandani, mashine inawashwa, mtu anangoja sekunde ishirini aone kama king'ora kitalia. Kwa kawaida fundi alingoja amesimama. Jumamosi ile bibi alikuwa amempakata mtoto chumba cha nyuma, wifi amekaa pembeni ya meza ya kukatia na kitabu chake, na kwenye cherehani palikuwa na pindo la pazia la mtu lililobaki kidogo tu. Fundi akawasha mashine, akaketi, akakanyaga ili asipoteze muda.

Pindo likaisha. Akageuza upande wa pili wa pazia, akauanza, akaumaliza. Ndipo alipohisi kuna kitu kimekosekana chumbani. Akainua kichwa huku miguu ikiendelea.

Kitanda kilikuwa kitupu. Taa ya pumzi ilikuwa inawaka na kuzimika, kijani, kijani, kijani.

Akasimamisha miguu. Taa ikazimika. Akahesabu kwa sauti isiyotoka. Kwenye ishirini, king'ora kikalia.

Wifi alishtuka akaangusha kitabu. Fundi alikizima king'ora, akaenda jikoni, akarudi na mfuko wa unga wa kilo mbili. Akaulaza kitandani katikati ya godoro, akaufunika hadi nusu, kama mtu asiye na akili zake.

"Wifi, itazame ile taa," alisema. "Mimi nitashona. Niambie inavyofanya."

Akakanyaga. Wifi alitazama muda mrefu.

"Inawaka," alisema kwa sauti ya chini. "Wifi, unga unapumua."

Fundi aliushika kwa kiganja ule ubao wa skrubu nne. Ulikuwa unatetemeka taratibu, kama ubavu wa paka. Kutoka cherehani kwenda mezani, kutoka mezani kwenda kwenye ubao, kutoka kwenye ubao kwenda kitandani. Wiki nne alikuwa amekaa hapo akishona ili mtoto asisahau, na wiki nne mashine ilikuwa inamsikiliza yeye. Kila aliposhona kwa hofu, alizidi kuifunga mashine masikio.

Wifi alikuwa amechukua kijitabu cha maelezo na kufungua ukurasa ule ule. "Nilikisoma mimi," alisema. "Feni, friji, pampu. Nilikisoma mimi mwenyewe."

"Tulikisikia sote," fundi alijibu.

Kisha alikwenda kwenye msumari zilipotundikwa sketi. Mwalimu alikuwa ameshachukua kumi na moja, akaahidi kurudi kwa maneno makali kuhusu ya kumi na mbili. Fundi aliitoa, akaitandaza mezani. Mshono wa ubavuni ulianzia kwenye pindo, ukapanda umenyooka, bila kosa, mpaka karibu na kiuno, pale uzi ulipokatika. Aliupitishia kidole kutoka chini hadi juu. Mahali fulani katika mshono huu mtoto aliacha kupumua, na yeye akaendelea kushona. Ni hapa? Ni hapa? Mishono yote ilifanana. Akaikunja sketi ikawa ndogo sana, akaitia chini kabisa ya droo ya vifungo.

Seremala aliporudi walimwonyesha. Alichukua bisibisi, akapiga magoti, akafungua skrubu moja moja, na kila aliyoitoa aliishika kwa midomo kama mafundi mbao wanavyofanya, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumsemesha. Zilipokuwa zote nne mdomoni bado alibaki amepiga magoti, akiushika ule ubao aliokuwa ameupiga msasa.

Jumatano nesi alisimuliwa. Hakuamini, akataka kuona. Wakarudisha ubao, wakalaza unga, fundi akakanyaga. Nesi aliitazama taa ya kijani mpaka akakaa chini.

"Kwa hiyo zile sekunde ishirini…" alianza.

"Zilianza nilipoacha kushona," fundi alisema.

"Na kabla ya hapo?"

"Hakuna anayejua."

Chumba kilikuwa kimejaa: bibi na mtoto mapajani, seremala aliyeomba ruhusa kazini, wifi ambaye hakuwa amerudi chuoni tangu Jumamosi. Bibi ndiye aliyeanza kusema.

"Basi ichukue," alimwambia nesi. "Mashine inayosema unga unapumua itatusaidia nini? Mjukuu wangu ameokolewa na mama yake, si na hilo boksi. Mama yake alijua kabla ya king'ora. Mtaa mzima ni shahidi."

"Tumeshautoa ubao, bibi. Ikikaa mbali na cherehani itasikia vizuri."

"Ilituambia vizuri tangu mwanzo. Ikatudanganya."

Seremala alikohoa. "Mimi nakubaliana na mama," alisema. "Nikiiangalia sioni mashine, naona ule ubao. Mke wangu ana sikio kuliko hiyo. Acha alale kifuani pake kama watoto wengine."

Nesi aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa amechoka. "Simlazimishi mtu," alisema. "Sitaficha, kuna mtoto mwingine wodini, mama yake anangoja mashine ipatikane ili waruhusiwe kwenda nyumbani. Zetu zote ziko nje. Mkiikataa, leo leo nitampelekea yeye. Lakini huyu wenu bado hajamaliza kusahau. Anaweza kurudia kesho, anaweza asirudie kabisa. Mama mtoto ndiye aliyeipokea kwa sahihi yake. Yeye ndiye wa kuirudisha."

Akafungua mkoba, akatoa karatasi, akaweka kalamu juu yake.

Fundi aliichukua kalamu. Wote walimtazama kwa ule uso waliomtazama nao wiki nzima, uso wa watu waliokwisha kupumzika kwa sababu yeye yupo. Alimfikiria yule mama wa wodini na pindo la gauni lake. Alifikiria usingizi wa mume wake. Kuweka sahihi kulikuwa kitu cha dakika moja. Angebaki mwanamke aliyejua, na wangemlaza mtoto kifuani pake, na yeye angekaa macho kila usiku wa dunia akingoja moyo umwambie. Moyo uliokuwa umekaa kimya mshono mzima. Mapajani pa bibi mtoto alikuwa amelala, na kutoka pale alipokuwa, hatua tatu, fundi hakuweza kuona kama kifua kinapanda.

Wifi alisogea karibu na meza. Mkononi alikuwa na sketi ya shule, imekunjwa ndogo sana. Siku zote hizi hakuwa ameuliza kitu. Aliitandaza juu ya karatasi ya nesi, upande wa mshono ukiwa juu, akaweka kidole mahali mshono ulipoishia, na hapo palining'inia uzi mfupi.

"Wifi," alisema, kwa sauti yake ya kuomba samahani, "siku ile, ulijuaje?"

Fundi aliirudisha kalamu mezani.

"Sikujua," alisema. "Uzi ulikatika."